Safu ya Faksi

Wiki ile daktari mkuu alipotangaza kwamba mifumo yetu ya kompyuta itafanywa upya, nilinunua shati. Lilikuwa la samawati, la mikono mirefu, na nililivaa kwenda kwa kinyozi wangu pale Kisugu, chini kidogo ya kliniki. Kabla hajaniuliza kitu nikamwambia kwamba karibuni nitakuwa na kazi nyingi, asishangae akinikosa. Nilikuwa na hakika kwamba msimamizi wa kazi ile ni mimi. Nani mwingine? Jumatatu nikaingia mkutanoni, nikakaa mbele, na daktari mkuu akasema ametuletea mtaalamu.

Aliingia mwanamke wa miaka thelathini na ushei, kitambaa cha kijani kichwani, mkoba wa kompyuta begani. Aliwasalimu wauguzi kwa Kiganda, akamsalimu askari wa lango kwa Kiswahili, akamsalimu daktari kwa Kiingereza, na kila mmoja akamchekea utadhani walikuwa wakimsubiri tangu jana. Mimi aliniita mzee. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Naandika haya nikijua hayanipambi. Watu hupenda kusimulia jinsi walivyodhulumiwa, lakini mimi sikudhulumiwa na mtu. Niliona wivu, basi. Wivu huo ulinifanya niseme uongo wa maneno machache tu, na uongo ule ungeweza kumuua mtoto wa watu.

Nilifika Kampala kutoka Kakamega nikiwa fundi wa mashine za kuchapishia. Kliniki ile ya watoto iliniita nitengeneze mashine moja, kazi ya siku mbili, nami nikakaa miaka kumi na tisa. Ndani ya droo ya mapokezi nilikuta kadi za watoto zimelowa mvua, zimegandana, na muuguzi mmoja akizibandua kwa kisu cha siagi. Daktari mkuu alikuwa amepewa programu ya bure na jamaa yake mwenye duka la jumla la mabati na misumari. Nikaichukua programu hiyo, nikaiweka kwenye kompyuta moja chini ya meza yangu, na kwa miezi mitatu nikaingiza watoto wote mmoja mmoja kwa vidole viwili. Kwa kuwa programu ilikuwa ya duka, kila mtoto aliitwa Mteja. Kila Mteja alikuwa na safu ya jina, ya simu, ya anwani, na ya faksi. Niligeuza nilichoweza kugeuza. Safu ya faksi ilikataa. Ukiifuta, programu nzima haifunguki.

Basi nikaipatia kazi. Hapa Buganda mama akizaa mapacha haitwi tena jina lake. Anakuwa Nnalongo, na kumwita vinginevyo mbele za watu ni kumvunjia heshima. Wasichana wetu wa mapokezi, wenye adabu zao, waliandika hivyohivyo kwenye kompyuta: mama, Nnalongo. Watoto nao huletwa wachanga, kabla sherehe ya mapacha haijafanywa na majina hayajatamkwa, kwa hiyo wote wawili waliandikwa Mtoto wa Nnalongo. Baadaye majina yakapatikana nyumbani, lakini kwetu hakuna aliyerudi kuyasahihisha. Ukifungua orodha unakuta Watoto wa Nnalongo wamejaa, wawili wawili, mama mmoja, simu moja, siku moja ya kuzaliwa. Juu ya hapo, umeme ulipokatika na kurudi, wasichana walimwandika upya mtoto ambaye tayari yumo. Kwa hiyo jozi nyingine zilikuwa mapacha, na nyingine zilikuwa mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili.

Nani angewatenganisha? Mimi. Kwenye safu ya faksi niliandika kilima au mtaa wanakotoka, na namba. Kisugu 1, Kisugu 2. Mbuya 1, Mbuya 2. Penye namba ni mapacha, pasipo na namba ni mtoto mmoja aliyerudiwa. Sikumwambia mtu. Si kwamba nilificha, hakuna aliyeuliza. Muuguzi akichanganyikiwa alikuja kwenye mlango wangu, nami nilifungua, nikatazama, nikamwambia huyu ndiye wa pili. Niliwaambia watu kwamba nawajua watoto wote wa kliniki ile. Nilisema hata kanisani.

Sasa daktari mkuu alikuwa ametoka kwenye mkutano fulani huko Kigali, amerudi na akili bandia kichwani. Alitaka mashine itakayosoma faili zote usiku kucha na kumwambia asubuhi ni mtoto gani amekosa dawa, nani uzito wake umeshuka, mama gani apigiwe simu. Wafadhili walikubali, ila kwa sharti: kwanza mifumo ya zamani iondolewe, data isafishwe, kila kitu kikae mahali pamoja penye nakala rudufu. Mtaalamu alitueleza jambo hilo siku ya kwanza kwa Kiswahili chake cha Kampala, akiwa ameegemea ukuta wa chumba cha sindano.

"Huwezi piga rangi ukuta iko na unyevu," alisema. "Itabanduka yote. Kwanza tukaushe."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilitazama ukuta, nikafikiri, unyevu ni mimi.

Alikuwa Mnubi, amezaliwa karibu na kambi ya Mbuya, babu yake askari na babu wa babu yake askari, walioletwa na Waingereza kutoka Sudan zamani hizo. Lugha zilimjaa mdomoni. Daktari mkuu, ambaye hapendi Kiswahili kwa sababu katika utoto wake kilikuwa lugha ya wenye bunduki barabarani, alikuwa amenikataza kwa upole nisikitumie ofisini. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikimsemesha Kiingereza. Mtaalamu huyu alimtania kwa Kiswahili siku ya pili, na daktari akacheka hadi akavua miwani. Nilisimama pale na kikombe changu nikajiuliza ni kitu gani hasa anacho ambacho mimi sina. Nilianza kuhesabu. Niliacha kwa sababu orodha ilikuwa ndefu.

Alikuja na gurusa, ile mikate laini ya Kinubi, imefungwa kwenye kitambaa bado ina joto. Wauguzi walizigombania. Nilisema nina vidonda vya tumbo. Kisha walipotawanyika nikarudi jikoni, nikala mbili nimesimama, na zilikuwa tamu, jambo lililoniudhi zaidi. Kuna maneno huandikwa kwenye kanga, wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi sikukonda. Nilinenepa mwezi ule, kwa gurusa za kuiba.

Nilimwita binti yangu, na si kwa upendo. Yeye alivuta kiti kila asubuhi, akaketi pembeni ya meza yangu na daftari.

"Mzee, hii ni nyumba yako," aliniambia. "Unionyeshe nguzo iko wapi, nisije nikatoa tofali mbaya."

Leo nikiyakumbuka maneno hayo naona heshima tupu. Siku ile niliona mtu anayekuja kubomoa nyumba yangu na anataka nimshikie nyundo. Nilimjibu kwa kifupi. Alichouliza nilijibu, ambacho hakuuliza sikukisema, na nilijiona mwerevu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, baada ya chai. Wakati wa chai daktari mkuu alikuwa na mgeni kutoka kwa wafadhili, na alipompitisha ofisini alimwonyesha mtaalamu, akasema kwa sauti ya fahari kwamba hatimaye kliniki imepata mtu anayejua kompyuta. Mimi nilikuwa hapo, hatua mbili. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Sidhani hata alijua nimesikia. Nilirudi kwenye kiti changu, na mtaalamu akaja akavuta chake kama kawaida, akafungua orodha.

"Mzee, hii faksi imejaa vitu vya ajabu. Ggaba moja, Ggaba mbili. Ni nini?"

"Takataka," nikasema. "Wasichana wa mapokezi walikuwa wanajazajaza tu."

Akaandika kwenye daftari. Kisha akanyanyua kichwa. "Na hawa watoto ya Nnalongo? Nitajuaje mapacha, nijue wale mliandika mara mbili?"

Alikuwa ameuliza swali lenyewe. Mtu wa nje asingeuliza, lakini yeye ni mtoto wa Kampala, anajua Nnalongo ni nani. Jibu lilikuwa mbele yetu wote wawili, kwenye skrini, kwenye safu niliyoiita takataka. Ningenyoosha kidole tu.

"Mama mmoja, simu moja, tarehe moja," nilisema. "Umeme ukikatika wanaandika upya. Huyo ni mtoto mmoja."

"Wote?"

"Wote. Hatuna mapacha wengi."

Alinitazama kidogo. "Sawa. Wewe ndio unajua," akasema, akaandika na hilo.

Wiki mbili baadaye data ilihamishwa. Waya mpya, mashine mpya kwenye stoo ya zamani ya vitanda, skrini mpya mapokezi. Programu yake ilipitia orodha, ikakuta watoto wanaofanana, ikawaunganisha kila wawili kuwa mmoja, ikabakiza maelezo ya karibuni zaidi. Daktari mkuu alisema kumbe miaka yote tulikuwa tunahesabu watoto hewa, watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilikuwa najua katika ile hewa kuna watoto wenye pumzi. Nilijiambia si lolote, wakija kliniki wataonekana wawili, mambo yatavurugika kidogo, mtaalamu ataaibika, na hapo nitainuka na suluhisho langu. Lilikuwa chini ya meza. Kompyuta ya zamani ilitakiwa kwenda kwa mnunuzi wa vyuma Ijumaa ya wiki iliyofuata, lakini nilikuwa nimeifunika kwa pazia kuukuu na kuweka maboksi mbele yake. Usiache mbachao kwa msala upitao, nilikuwa nikijisemea, na nilijiona nimesimama mbele ya mkutano na mbachao wangu mkononi.

Alitangulia Nnalongo wa Ggaba. Huyu ni muuza samaki pale mwaloni, ziwani mitumbwi inakotia nanga, mwanamke mkubwa wa mwili, mjane, mwenye mapacha wa kiume wa miaka sita. Wa kwanza mzima. Wa pili ana ugonjwa wa seli mundu, ambao hapa umejaa katika familia nyingi, na kila mwezi mama alimleta kupimwa na kuchukua dawa zake. Alikuwa ameshika dawa zile kama dini, ndiyo maana mtoto alikuwa hajalazwa muda mrefu. Jumatano ile alikuja naye peke yake. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa mgeni kwetu, na alikuwa ameambiwa, kama wengine wote, kwamba kuanzia sasa tunaamini skrini na si makaratasi. Daftari la mtoto hata hivyo lilikuwa limelowa maji ya samaki, wino umesambaa. Akafungua skrini. Mtoto wa Nnalongo, Ggaba, mmoja. Maelezo ya karibuni yalikuwa ya yule pacha mzima, aliyepimwa mwezi uliotangulia, siku chache baada ya zamu ya mwenzake, alipokuwa na kikohozi. Seli mundu: hana.

Muuguzi akamwambia dawa hazimo kwenye orodha yake, kwa sababu mtoto hana ugonjwa huo. Mama akauliza tena. Muuguzi akageuza skrini ili mama aone mwenyewe, akamwonyesha kwa kidole. Akasema hii ni mashine mpya, haikosei kama ile ya zamani.

Mimi nilikuwa ofisini, mlango wazi. Nilisikia maneno hayo. Kisha nikasikia vigelegele.

Nimesikia vigelegele vingi, harusini, kanisani, mpira ukiingia golini. Vile vilikuwa vya mtu anayelia. Mama yule alikuwa amefunga na kuomba miaka sita. Alipiga magoti kwenye korido yetu ya saruji, akamkumbatia mtoto, akasimama, akawashika mikono wauguzi mmoja mmoja, akauliza nani ameleta mashine hii. Wakamwonyesha mtaalamu, akamkumbatia pia, na mtaalamu, ambaye hakuelewa habari yote, alicheka na kumpigapiga mgongoni. Walipopita mlangoni kwangu mama alinipungia mkono. Alitoka na mtoto wake bila dawa.

Nilijua palepale. Sitaki kudanganya hapa pia: nilijua tangu kigelegele cha kwanza. Na la kwanza lililonijia halikuwa mtoto. Nilifikiri, sasa ameanguka. La pili nilifikiri, daktari mkuu yuko Entebbe hadi kesho jioni, nikisema leo nani atashuhudia? Kwa hiyo nikanyamaza. Nilifunga ofisi saa kumi na moja kama kawaida, nikaenda nyumbani, nikala, na nilikuwa nimekwisha kupanga hata maneno.

Kesho yake asubuhi ililetwa ndoo. Ndani mlikuwa na sangara mkubwa, mkia umetokeza nje, na ujumbe wa mdomo kutoka Ggaba: ni wa yule dada wa kompyuta. Miaka kumi na tisa niliyofanya kazi pale, hakuna mtu aliyewahi kuniletea samaki. Hata dagaa. Nilimwona mtaalamu ameshika ndoo katikati ya korido, anacheka, hajui aiweke wapi, na wivu ulinishika upya hadi nikaingia chooni nikanawa uso. Nilimwonea wivu wa samaki ambaye aliletwa kwa uongo wangu mwenyewe.

Hakumpeleka nyumbani. Alimpeleka jikoni apikwe tule wote. Saa saba tulikaa, kuna matoke, kuna mchuzi, na mtaalamu mwenyewe akawa anagawa. Alifika kwangu na sahani iliyofunikwa, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Kichwa ni ya mzee," akasema.

Kwetu pia kichwa ni cha mkubwa wa nyumba. Nilifunua. Kilikuwa kimejaa sahani, macho meupe, kimemwagiwa mchuzi mzuri wa nyanya. Nilichukua kijiko nikakirudisha. Wote walikuwa wanakula na kumsifu Nnalongo, na mmoja akasema sasa yule mtoto ataweza hata kucheza mpira kwenye mvua. Mtoto wa seli mundu akinyeshewa, akipata baridi, mifupa humshika usiku huohuo. Nje kulikuwa kumeanza manyunyu.

Nikamwambia mtaalamu naomba tuzungumze. Tukaenda kwenye stoo yenye mashine mpya, nikafunga mlango.

"Safu ya faksi haikuwa takataka," nikasema. "Ni mapacha. Niliwatia namba mwenyewe. Yule wa jana ni wa pili, na ni mgonjwa."

 Aliketi juu ya boksi la waya. Nilianza kueleza habari za umeme na wasichana wa mapokezi, akanikatiza.

"Mimi nilikuuliza, mzee. Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

"Sasa kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi, nimeyatunga wiki nzima, yote yana daktari mkuu ndani yake. "Nilikuonea wivu," nikasema. "Ndiyo sababu. Hakuna nyingine."

Aliinama, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, kitambaa cha kijani kikateleza. Nilifikiri anaanza kulia. Kumbe alikuwa anafikiri. Alipoinuka aliuliza jambo moja tu, kompyuta ya zamani iko wapi, nami nikamwambia iko chini ya pazia. Hakunishukuru kwa kuificha, na sikuificha kwa wema. Alichukua dawa kutoka kwa muuguzi mkuu, akamweleza kwa maneno matatu, tukashuka barabarani tukachukua pikipiki mbili hadi Ggaba. Njiani mvua ilikaza. Shati langu la samawati lilinata mwilini, na nilikuwa namtazama mbele yangu, mgongo wake, mfuko wa dawa ameukumbatia usilowe.

Nnalongo alikuwa mezani kwake chini ya turubai, anapaa samaki. Watoto walikuwa nyuma yake, mmoja juu ya kreti la soda, mwingine amechuchumaa anapanga vifuniko vya chupa. Alipotuona aliacha kisu akafungua mikono. Nilitaka mtaalamu aseme. Alisogea pembeni, akaniachia nafasi.

Nilimweleza. Nilisema mtoto hajapona, nikasema dawa hizi hapa. Aliuliza polepole, kwa Kiswahili cha wateja wake Wakongo na Wakenya, kama basi ile kompyuta mpya ndiyo ilidanganya. Lilikuwa jibu zuri sana, limeshapikwa, ningelimeza tu.

"Hapana, mama," nikasema. "Kompyuta iliambiwa uongo. Mimi ndiye niliyesema."

Alichukua kisu, akakifuta kwenye aproni, upande mmoja, kisha upande wa pili. Watu hutuita wasawo, yaani madaktari, sisi sote wa kliniki, hata mfagiaji, na yeye aliniita hivyohivyo.

"Musawo, wewe unajua watoto yangu?"

"Nawajua."

"Basi niambie. Mugonjwa ni nani?"

Nikawatazama. Walikuwa wamevaa fulana moja, ya manjano, kama mapacha wote wa hapa wanavyovalishwa. Uso mmoja, kichwa kimoja, kovu hakuna. Ggaba 1 na Ggaba 2. Nilikuwa nimewaandika mimi, siku ya kwanza walipoletwa, na kila mara nilipoulizwa nilijibu bila kukosea, kutoka kwenye skrini. Sikuwa nimewahi kuwatazama. Mama alisubiri. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye turubai kati yake na mimi.

Mtaalamu alichuchumaa, akawauliza wale watoto kitu kwa Kiganda, kwa sauti ndogo, kitu kuhusu mifupa. Yule wa kwenye kreti akainua mkono. Mtaalamu akamwita, akamfunika kwa mtandio wake. Na pale pale, mbele ya yule mama, mvua inanyesha, nikamwonea wivu tena.

Nnalongo alipokea dawa. Alisema, akiwa amegeukia samaki wake, "Nirikuwa nimefurahi." 

Daktari mkuu alinipa barua ya onyo, na alikuwa na haki ya kunipa kubwa kuliko hiyo. Mtaalamu na mimi tulikaa wiki mbili tukitoa safu ya faksi kwenye mashine ya zamani, tukiwapigia simu akina Nnalongo mmoja mmoja, hadi kila pacha akarudi kuwa mtu. Mfumo mpya sasa una safu yake ya mapacha, naijaza mimi, na akili bandia inaisoma kila asubuhi bila tatizo. Mtaalamu amekwenda kufanya kazi nyingine. Alipoondoka waliagana naye kwa keki.

Nnalongo wa Ggaba bado anakuja kila mwezi. Siku hizi analeta wote wawili, wamevaa sawa, na hapiti mapokezi. Anakuja moja kwa moja ofisini kwangu, anawasimamisha mbele ya meza, amewakataza wasiseme neno. Ananitaka nifunge kompyuta. Hanisalimu mpaka nimwonyeshe mgonjwa ni yupi. Nawatazama macho, nawatazama viganja, nachukua muda wangu. Mwezi uliopita nilimnyooshea kidole aliye mzima.  Mama alikishika kidole changu kwa mkono wake unaonuka samaki, akakisogeza kwa mwenzake.